Programu Zinazojiwasha Zenyewe: Soma Dalili, Kisha Tafuta Mlango

Mteja akiniletea laptopu na kusema "fundi, imekuwa nzito", sifungui kitu kwanza. Naizima, naiwasha mbele yake, halafu tunatazama wote kona ya chini kulia, pembeni mwa saa. Hapo ndipo programu zinapojitokeza moja baada ya nyingine, kama abiria wanaogombea daladala jioni. Kwenye mashine moja ya RAM GB 4 nilihesabu alama 13. Mwenye mashine alizitambua 3.

Wengi wakifika hapo hufungua orodha na kuzima kila wanachokiona. Baada ya wiki wanarudi: padi ya kugusa haikubali tena vidole viwili, nyaraka za ofisi haziendi tena kwenye hifadhi ya mtandaoni, na ile programu iliyowakera tangu mwanzo imesharudi. Imerudi kwa sababu programu hazipiti mlango mmoja. Kuna zilizoandikwa kwenye Rejista ya Windows, yaani daftari ambamo mfumo unaweka mipangilio yake, kuna zilizowekwa kwenye folda ya Startup, kuna zinazoitwa na ratiba ya kazi, kuna huduma, yaani programu zisizo na dirisha, zinazoanza kabla hata hujaandika nywila, na kuna ambazo Windows yenyewe inazifungua kwa kudhani inakusaidia. Ukifunga mlango wa mbele huku mtu anapitia uani, utakuwa unafunga kila siku. Ndiyo maana naanza na dalili. Mara nyingi yenyewe inakuonyesha mlango.

Ninayoyaandika hapa ni ya Windows 10 na 11. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye kioo, kwa kuwa mashine nyingi tunazotumia zimewekewa Kiingereza.

Jambo moja kabla hujagusa lolote: ukitaka kuona kama mabadiliko yamefanya kazi, tumia Restart, si Shut down. Tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibonyeza Shut down, Windows inafunga programu zako, lakini kiini cha mfumo inakihifadhi diskini na kukirudisha kesho kilivyokuwa. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Ushahidi uko Task Manager (bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja), sehemu ya Performance, kwenye CPU, palipoandikwa Up time. Unakuta mtu anazima laptopu yake kila usiku, na pale panasomeka siku 19.

"Inafika kwenye nywila haraka, baada ya hapo haishikiki"

Hii ndiyo ya kawaida na ndiyo rahisi. Fungua tena Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc. Kwenye Windows 11 nenda Startup apps, upande wa kushoto. Kwenye Windows 10 bonyeza More details kwanza kama dirisha limekuja dogo, kisha Startup. Orodha hiyo hiyo, kwa sura nyepesi zaidi, ipo pia Settings, Apps, Startup.

Tazama safu ya Startup impact. Watu huisoma kama hukumu, kumbe ni kipimo tu. High ni programu iliyokula zaidi ya sekunde 1 ya muda wa prosesa, au iliyosoma na kuandika zaidi ya MB 3 diskini wakati wa kuwaka. Medium inaanzia milisekunde 300 au KB 300. Chini ya hapo ni Low. MB 3 kwenye SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, si kitu. Kwenye diski ya kuzunguka, zile laptopu za mtumba tulizozizoea, High 6 zinagombea sindano moja ya kusomea, na hapo ndipo unapomwona mtu anabofya, anasubiri, anabofya tena, mwishowe yanafunguka madirisha manne ya kitu kimoja. Ukiona Not measured, usidhani ni nyepesi. Windows haijaipima bado.

Kuzima ni kubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina, kisha Disable. Hapa wengi huogopa, kwa hiyo niseme wazi: hujafuta programu. Spotify utaifungua utakapotaka muziki, Steam utakapotaka gemu, Teams utakapokuwa na kikao. Ulichokiondoa ni ile tabia ya kuamka kabla yako. Visaidizi vya printa navyo nazima bila huruma. Kuchapa kunaendelea, ila kama una mazoea ya kuskani kwa kitufe kilichoko kwenye printa yenyewe, kijaribu kabla hujasahau ulichokizima.

Piga picha ya orodha kwa simu kwanza. Zima mbili au tatu, Restart, tumia mashine siku nzima, ndipo uendelee. Ukizima 10 kwa mkupuo na kitu kikaharibika, utabaki unabahatisha.

"Niliizima, imerudi"

Sasa tunaingia uani.

Anza na mipangilio ya programu yenyewe. Nyingi zina swali lao la ndani, kwamba zifunguke ukiingia kwenye kompyuta au la, na zinapojisasisha zinaweza kuandika upya jina lao kwenye orodha. Ukilizima swali hilo kule ndani, umeongea na mwenye nyumba badala ya mlinzi.

Kama mipangilio haina swali hilo, tazama ratiba. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika taskschd.msc, kisha bofya Task Scheduler Library upande wa kushoto. Kila mstari ni kazi, na safu ya Triggers inasema inaamshwa na nini. Unachokitafuta ni At log on, yaani kila mtu anapoingia. Visasishi vya programu hupenda sana kujificha hapa, kwa sababu vilivyoko hapa mara nyingi havionekani kwenye ile orodha ya Task Manager. Chagua Disable, usichague Delete. Kazi iliyozimwa unaweza kuirudisha. Folda ya Microsoft iliyo chini yake iache kama ilivyo. Kuna kazi kadhaa mule ambazo majina yake hayaelezi kitu na ambazo Windows inazihitaji.

Mlango wa tatu ni huduma. Kitufe cha Windows pamoja na R, andika msconfig, fungua Services, na kabla ya kitu kingine chochote weka tiki kwenye Hide all Microsoft services. Zinazobaki ni za wengine: antivirusi, programu za sauti na kadi ya picha, visasishi, programu za kushika kompyuta kwa mbali. Ondoa tiki kwa ile unayoijua. Sehemu ya Boot iliyo pembeni yake usiiguse. Nimeshapokea mashine iliyowekewa tiki ya Safe boot na mtu aliyekuwa anafuata maelekezo ya video. Kila alipowasha ilirudi kwenye Safe Mode, na yeye aliamini ameiua kompyuta.

Vivinjari vina mtindo wao. Chrome ina kipengele cha kuendelea kufanya kazi nyuma hata baada ya kuifunga, kiko Settings, System. Edge inacho hicho, na juu yake ina Startup boost, inayoiweka tayari tangu unapoingia ili ifunguke haraka. Kwenye RAM ya GB 4 haraka hiyo unailipia na programu nyingine zote. Zima vyote viwili.

Nikichoka kupita mlango kwa mlango natumia Autoruns. Ni zao la Sysinternals, kazi ya Mark Russinovich na Bryce Cogswell, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2006, na mpaka leo inapatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft. Haihitaji kusakinishwa, unaifungua kwa Run as administrator tu. Inaweka milango yote kwenye orodha moja: Logon, Scheduled Tasks, Services na mingine ambayo sijaitaja. Ukiondoa tiki, kitu hakitawaka tena lakini kumbukumbu yake inabaki. Mstari wa njano maana yake faili linalotajwa halipo. Mstari wa rangi ya waridi maana yake mtengenezaji hajulikani au saini yake haikuthibitishwa. Si lazima awe mwizi, ila muulize anatoka wapi. Kwenye menyu ya Options kuna Hide Microsoft Entries, inayopunguza orodha ikasomeka. Iwashe. Kuna hali moja tu ambapo naizima, na ndiyo hii inayofuata.

Kisanduku cha Windows Script Host

Mama mmoja mwenye steshenari aliniwekea laptopu mezani bila kusema kitu, akaiwasha, akasubiri. Mara likatokea: kisanduku cheupe, juu pameandikwa Windows Script Host, katikati "Can not find script file", kisha njia ndefu inayopitia AppData\Roaming na kuishia kwenye jina la herufi zisizosomeka lenye mkia wa .vbs.

"Mwanangu, huyu kila asubuhi lazima nimbonyeze OK ndiyo aniache nifanye kazi."

"Huyu hana nguvu tena, mama. Kelele tu. Mwenye nguvu alikuwa yule aliyemleta."

Anayemleta ni flashi. Mteja anakuja kuchapa barua ya kuomba kazi, flashi yake ina kile kirusi cha shotikati: kimeficha folda zake zote na kuweka mahali pake alama zinazofanana nazo. Ukibofya alama hiyo, folda inafunguka kweli, hivyo hushtuki, lakini nyuma yake wscript, programu ya Windows ya kuendesha skripti, imeshaendesha skripti, yaani faili la maagizo. Skripti inajinakili kwenye AppData, inaandika jina lake kwenye milango ya kuwakia, na tangu siku hiyo kila flashi itakayochomekwa inaambukizwa. Baadaye antivirusi inalikuta lile faili na kulifuta, ila ule mstari unaosema "ukiwaka, endesha faili hili" haikuufuta. Kwa hiyo kila asubuhi Windows inaenda kumwita marehemu, haimkuti, inakulalamikia wewe.

Dawa ni kufuta mstari huo. Kwenye Autoruns nenda Logon na Scheduled Tasks, tafuta wscript au ile njia ya .vbs iliyoandikwa kwenye kisanduku. Hapa ndipo ninapozima Hide Microsoft Entries: wscript.exe ni faili halali la Microsoft, na sitaki skripti ijifiche nyuma ya jina la mwenyeji wake. Bila Autoruns, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R uandike shell:startup. Inafunguka folda ya Startup ya mtumiaji huyo. Ukikuta alama usiyoijua inayoelekea AppData, ifute. Rudia kwa shell:common startup, ambayo ni ya watumiaji wote. Kama folda zote mbili ni safi, fungua regedit, ndiyo inayoonyesha Rejista, na uende HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run, kisha njia hiyo hiyo chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE. Kabla ya kufuta mstari wowote humo, chagua File, Export, uhifadhi nakala. Dakika moja hiyo imeshaniokoa.

Kama hakuna kisanduku lakini flashi zako zinaendelea kugeuka shotikati, basi skripti ingali hai. Usianze kuhangaika na flashi. Utaisafisha na itachafuka papo hapo. Safisha kompyuta kwanza: Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, chagua Microsoft Defender Offline scan. Mashine itajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijafunguka, wakati skripti bado imelala. Baada ya hapo ndipo uchomeke flashi na, kama ni herufi F, uandike kwenye Command Prompt:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Folda zilizofichwa zitarudi kuonekana. Zile shotikati na faili la .vbs futa. Mama yule alizoea kuwaambia wateja kwamba flashi zao zimeliwa. Tulizifungua flashi 2 alizokuwa amebaki nazo kaunta, na kila kitu kilikuwemo.

"Bando linaisha na sijafungua chochote"

Usitafute kwa macho, tafuta kwa takwimu. Settings, Network & internet, kisha Data usage; kwenye Windows 11 imewekwa ndani ya Advanced network settings. Pale kila programu ina MB zake za siku 30 zilizopita. Ukikuta uTorrent juu, tatizo si ulichopakua tu. Programu za torenti, ukishamaliza kupakua, zinaendelea kuwapakia wengine faili lile lile, na zikiwaka na kompyuta zinafanya hivyo tangu asubuhi. Unailipia filamu uliyoshaitazama.

Hifadhi za mtandaoni kama OneDrive zinahitaji busara kidogo. Ukiizima kabisa, nyaraka hazitakwenda tena na huenda usijue mpaka siku laptopu itakapoibiwa. Afadhali uiambie Windows kwamba mtandao huo ni wa kulipia: fungua sifa za Wi-Fi au hotispoti ya simu yako, washa Metered connection. OneDrive, kwa mpangilio wake wa kawaida, itasimama yenyewe ukiwa kwenye mtandao huo na kuendelea ukifika penye mtandao wa bure.

Vilivyokuwa wazi jana vinajifungua vyenyewe

Hapa hakuna kitu kwenye orodha ya Startup, na watu huzunguka sana. Ni Windows inayokumbuka. Settings, Accounts, Sign-in options, zima ile sentensi ndefu inayohusu kuhifadhi programu na kuzianzisha upya ukiingia tena, yenye maneno "restartable apps". Kama ni folda ndizo zinazojifungua, iko Folder Options, sehemu ya View, kwenye Restore previous folder windows at logon. Basi.

Jina "Program" na alama nyeupe tupu

Linatisha kwa sababu halina mtengenezaji, na mtandaoni utasoma kwamba ni kirusi. Mara nyingi ni mabaki. Programu iliondolewa, mstari wake ukabaki, na njia iliyoandikwa inaanza na C:\Program Files bila alama za kunukuu. Windows inasoma mpaka kwenye nafasi ya kwanza, inakuta neno Program, inakuonyesha hilo. Kwenye Task Manager bofya kulia juu ya vichwa vya safu, weka tiki kwenye Command line, na njia nzima itajitokeza pamoja na jina halisi. Ukijiridhisha kwamba programu hiyo haipo tena, ufute mstari kwa Autoruns. Ila kama njia inaelekea AppData au Temp badala ya Program Files, rudi kwenye sehemu ya skripti hapo juu.

Programu ya kushika kompyuta kwa mbali

Hii hailetwi na mteja kama dalili. Naikuta mwenyewe, na haihusu uzito. Fundi alimsaidia mtu kwa mbali, akamwekea AnyDesk au TeamViewer, kazi ikaisha, programu ikabaki ikiwaka kila siku kama huduma. Ni programu halali na mimi mwenyewe nazitumia. Lakini kama iliwekewa nywila ya kudumu, anayeijua nywila hiyo anaweza kuingia kompyuta ikiwa imewashwa na wewe umetoka kwenda kula. Hapa sishauri Disable. Iondoe kabisa kupitia Settings, Apps. Siku utakapohitaji msaada tena utaipakua upya.

Usivyovigusa, na ikiwa bado ni nzito

Windows Security iache, ikiwemo SecurityHealthSystray. Za sauti, mara nyingi Realtek, na za padi ya kugusa, kama Synaptics au ELAN, ziache pia. Ni nyepesi, na ukizizima unaweza kupoteza vitu vidogo utakavyovitafuta wiki nzima. Antivirusi iwe moja. Ukikuta mbili za kulipia zikiwaka pamoja, chagua moja na uiondoe nyingine kwa Uninstall, kwa maana kila moja inafungua faili lile lile kulikagua.

Kisha tazama juu kulia kwenye Startup apps, palipoandikwa Last BIOS time. BIOS ndiyo programu ya kwanza kuamka kompyuta inapowashwa. Huo ni muda uliotumika kabla Windows haijashika usukani. Ukisoma sekunde 4 au 8, uko sawa. Ukisoma 30, hakuna programu utakayoizima ikakusaidia. Ng'oa flashi na diski za nje zilizochomekwa, na angalia mpangilio wa kuwakia kwenye BIOS kama haianzi kutafuta kwenye mtandao. Na kama BIOS ni fupi, orodha ni safi, lakini Disk kwenye Task Manager imekaa asilimia 100 dakika kadhaa baada ya kuingia, chukua bisibisi ndogo ya nyota, fungua kifuniko cha chini na uone diski. Ikiwa ni ya kuzunguka, fedha uliyotaka kunilipa kwa kupunguza programu nyingine ongezea kidogo tununue SSD.